Je, Vitamini Zaweza Kuponya Pumu?

Mafundisho kwa wagonjwa wa pumu, kwa wazazi, na kwa wote wanaowatunza

Ndugu msomaji, labda wewe mwenyewe una ugonjwa wa pumu, ule ambao wengi kwetu huuita asima. Labda ni mtoto wako, au mama yako mzee, au jirani ambaye usiku unasikia kifua chake kikilia kama filimbi. Labda mtu amekuambia sokoni, "Huyu amepungukiwa na vitamini. Mpe vitamini, pumu itakwisha." Nawe umeshika franka zako mkononi, unajiuliza kama maneno hayo ni kweli.

Twataka kukujibu swali hilo waziwazi. Si swali dogo. Fedha ya mtu wa Masisi au wa Walikale haipatikani bure. Ni fedha ya maharagi na viazi, au fedha ya mawese, au malipo ya siku nyingi za kubeba mizigo katika matope. Tena pumu ni ugonjwa unaoweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2019 watu karibu milioni 262 walikuwa na pumu ulimwenguni, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi zenye mapato madogo, ambako dawa zinazofaa ni haba. Basi mtu anayenunua dawa isiyofaa hupoteza fedha, na pamoja na fedha hupoteza wakati. Na kwa mgonjwa wa pumu, wakati ni pumzi.

PUMU NI UGONJWA GANI?

Ndani ya kifua chako mna njia za hewa. Zinaanza na njia moja kubwa, kisha zinagawanyika kama matawi ya mti, mpaka vijitawi vidogo sana. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi ya ndani ya njia hizo ina uvimbe na wekundu siku zote, hata siku ambayo anajiona mzima. Uvimbe huo ni kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Huyaoni, lakini moto umo.

Kisha kitu fulani huja na kupuliza majivu hayo. Huenda ni moshi, au baridi, au mafua, au vumbi, au ukungu unaoota ukutani, au manyoya ya mnyama, au kukimbia sana. Hapo mambo matatu hutokea pamoja. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza. Uvimbe huongezeka. Makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa shida, na kutoka kwake ni shida zaidi. Ndiyo maana kifua hulia.

Pumu si uchawi. Wala haiambukizi, unaweza kula sahani moja na mwenye pumu na kulala naye chumba kimoja bila hofu. Mara nyingi hufuata jamaa, hata mzazi na mtoto huwa nayo pamoja.

Lakini angalia, si kila kifua kinacholia ni pumu. Kikohozi kinachozidi majuma mawili, pamoja na kukonda, na homa, na jasho la usiku, chaweza kuwa kifua kikuu. Mtu kama huyo na apimwe makohozi. Mtoto mwenye homa na kupumua mbiombio aweza kuwa na nimonia. Na mtu mzima aliyevimba miguu, ambaye hawezi kulala chali, aweza kuwa na ugonjwa wa moyo. Kwa sababu hiyo usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Acha mganga asikilize kifua chako kwanza.

VITAMINI NI KITU GANI?

Vitamini ni vitu vilivyomo ndani ya chakula, ambavyo mwili huvihitaji kidogo tu. Lakini kidogo hicho kikikosekana, mtu huugua.

Watu walijifunza jambo hili polepole. Katika mwaka wa 1747 mganga wa merikebu za Uingereza, jina lake James Lind, alikuwa na mabaharia waliougua ufizi, damu ikiwatoka kinywani na nguvu zikiwaishia. Akachukua 12 miongoni mwao, akawagawanya wawili wawili, akawapa kila wawili kitu tofauti. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Lind hakujua kitu gani kilichomo ndani ya machungwa. Leo twajua kwamba ni vitamini C. Neno lenyewe vitamini lilianza kutumiwa mwaka wa 1912 na Casimir Funk, mtaalamu aliyezaliwa Polandi.

Angalia vizuri namna Lind alivyofanya. Hakumpa mtu mmoja machungwa na kusema, "Amepona." Aliwaweka wagonjwa kando kwa kando, akalinganisha. Kwa njia hiyo tunatambua dawa na kuitenga na bahati. Tutairudia njia hiyo tutakapofika kwenye pumu.

Tena angalia jambo la pili. Machungwa yaliponya kwa sababu ugonjwa ule ulitokana na ukosefu wa vitamini C. Mtu aliyepungukiwa na vitamini hupona akipewa vitamini. Lakini ugonjwa ambao haukuletwa na upungufu huo hauondoki kwa kuongeza vitamini juu ya vitamini. Mtungi ukijaa, maji unayozidi kumimina humwagika chini.

VITAMINI ZIMEJARIBIWA KWA PUMU?

Ndiyo, zimejaribiwa, tena na watu waliotumaini sana kwamba zitafaa. Jaribio hufanywa hivi. Wagonjwa hugawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hupewa vitamini. Fungu la pili hupewa kidonge kinachofanana nacho kabisa, lakini ndani hamna kitu. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Baada ya miezi watu huhesabu ni fungu lipi lililoshikwa na pumu mara nyingi zaidi.

VITAMINI D. Hii ndiyo iliyotazamiwa zaidi, kwa sababu wenye pumu kali wengi walikutwa na kiasi kidogo cha vitamini hiyo katika damu. Mwaka wa 2016 wataalamu waliokusanya majaribio yaliyokuwapo walitangaza habari ya furaha: ilionekana kwamba vitamini D hupunguza mashambulio makali ya pumu. Watu wengi walisikia habari hiyo, na maduka yakaitumia. Lakini majaribio yaliendelea. Moja lilifanywa Marekani kwa watoto waliokuwa na vitamini D kidogo katika damu, likatangazwa mwaka wa 2020. Watoto 192 waliingia. Waliopewa vitamini hawakupata nafuu kuliko wengine. Mwaka wa 2023 wataalamu walikusanya tena majaribio 20, yenye watoto zaidi ya 1,100 na watu wazima zaidi ya 1,000. Safari hii hawakuona kwamba vitamini D huzuia mashambulio ya pumu.

Usishangae kwamba neno la mwaka wa 2016 lilibadilika. Mtu akipima shamba kwa hatua chache aweza kukosea. Akirudi na kamba ndefu, hupata kipimo cha kweli. Afadhali mtu anayesahihisha neno lake kuliko yule anayeendelea kuuza.

VITAMINI C. Majaribio yake kwa pumu ni machache na madogo. Hayakutoa sababu ya kutosha ya kuwaambia wagonjwa waimeze kuwa dawa.

VITAMINI A. Mtoto aliyepungukiwa nayo hushindwa kuona jioni, na surua ikimpata humpiga vibaya. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 mpaka 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita: kidonge cha samawati kwa walio chini ya mwaka mmoja, na chekundu kwa waliozidi. Usikose siku hiyo. Lakini matone hayo ni ya kulinda macho na uhai wa mtoto. Hayakupewa kazi ya kuondoa pumu, wala hayaiondoi.

VITAMINI B. Hizi ndizo zinazouzwa sana kwa sindano na kwa serumu, mara nyingi nyekundu au manjano, na rangi hiyo huwavutia watu. Hakuna ushahidi kwamba hufungua njia za hewa. Mkojo hubadilika rangi kwa sababu mwili unatupa nje kile usichokihitaji. Fedha yako yatoka pamoja na mkojo.

KWA NINI BASI MTU HUSEMA, "MIMI ZILINISAIDIA"?

Labda utajibu, "Lakini jirani yangu alichomwa sindano ya vitamini, na kesho yake alipumua vizuri." Hatusemi kwamba jirani yako anadanganya. Tunasema kwamba pumu yenyewe huja na kuondoka. Mafua yakipita, pumu hutulia. Moshi ukiondoka, pumu hutulia. Mtu hununua dawa siku anayozidiwa sana, na baada ya siku mbaya sana mara nyingi hufuata siku nzuri kidogo. Kitu chochote alichotumia siku ile hupewa sifa.

Tena wauzaji wengine huchanganya. Katika bakuli moja humpa mgonjwa vitamini, pamoja na prednisoloni au dawa nyingine ya nguvu ambayo jina lake hawalitaji. Mgonjwa hupata nafuu kwa ile dawa ya nguvu, lakini hushukuru vitamini. Kila unapopewa dawa, uliza, "Hii inaitwaje?" Na jina liandikwe katika karatasi yako. Asiyetaka kukuambia jina la dawa, usimpe mkono wako wala mkono wa mtoto wako.

WAKATI GANI VITAMINI HUMFAA MWENYE PUMU?

Tusitupe kitu chema kwa sababu wengine wamekitumia vibaya. Kuna wakati ambapo vitamini humsaidia mgonjwa wa pumu, ingawa hazitibu pumu yenyewe.

Kwanza, kama amepungukiwa nazo kweli. Mtoto mwenye miguu iliyopinda kwa matege anahitaji vitamini D, awe na pumu au asiwe nayo. Mtoto mwenye bwaki, au aliyekonda kwa njaa ya kukimbia vita, anahitaji kutibiwa njaa yake kwa mpango wa kituo cha afya. Mwili wenye njaa hushindwa na mafua, na mafua huamsha pumu.

Pili, kama anameza prednisoloni kwa muda mrefu. Dawa hiyo huokoa maisha wakati wa shambulio kubwa, ikitumiwa siku chache. Ikitumiwa miezi mingi hudhoofisha mifupa. Kwa mtu kama huyo mganga aweza kuongeza vitamini D pamoja na chokaa ya kidonge ili mifupa isivunjike.

Tatu, kama ni mjamzito. Yeye apewe vidonge vya damu, yaani chuma na asidi foliki, kama wajawazito wengine wote. Wala asiache dawa yake ya pumu kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Mtoto tumboni hutegemea pumzi ya mama. Mama akikosa hewa, naye hukosa.

Labda pia utasikia kwamba hospitalini mgonjwa aliyezidiwa sana alitiwa magnesi katika mshipa. Hayo ni kweli. Ni munyu wa dawa, uleule wanaopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba, nao hulegeza misuli ya njia za hewa. Lakini ni kazi ya hospitali, chini ya macho ya mganga. Si vitamini, na kidonge cha duka hakifanyi kazi hiyo.

VITAMINI ZILIZO KARIBU NAWE

Kabla ya kununua vitamini katika chupa, tazama shamba lako na soko lako.

Watu wa Walikale, ninyi mna mawese. Mawese mekundu yana utajiri mwingi wa kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Lakini usiyachome motoni mpaka yawe meupe. Wekundu ule ukitoweka, vitamini imetoweka nao. Watu wa Masisi, ninyi mna maziwa na jibini, mna maharagi na mboga za milimani. Wanaoshuka Nyabiondo kwenda Kashebere hupeleka cha milimani na kurudi na cha msituni. Biashara hiyo ni nzuri kwa afya. Nyumba ya Masisi yenye kijiko cha mawese, na nyumba ya Walikale yenye maharagi, zote mbili zina watoto wenye nguvu.

Sombe ina vitamini A nyingi. Itwange vizuri, uichemshe muda mrefu bila kufunika chungu, ili sumu ya muhogo itoke. Kuchemsha huko huua vitamini C, nayo yapatikana katika mapera, machungwa, mapapai na marakuja. Basi ule tunda baada ya sombe. Lengalenga, majani ya maboga, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa pia ni vyema. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A haiingii mwilini bila mafuta.

Sambaza wa Ziwa Kivu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nyama ya maskini na tajiri. Huliwa wazima pamoja na mifupa, kwa hiyo humpa mtoto chokaa ya mifupa. Mayai na maini yana vitamini D.

Lakini vitamini D nyingi haitoki katika chungu. Hutengenezwa na ngozi yako jua linapoigusa. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu lina nguvu hata siku zenye mawingu milimani. Mtoto asifungwe ndani ya nyumba yenye moshi kutwa kwa kuogopa baridi. Mwache acheze nje mchana. Jua halidai franka.

Chakula hiki hakitaponya pumu. Kitaujenga mwili upambane na mafua na nimonia. Huo ndio msaada wa kweli ambao vitamini huweza kutoa.

HATARI ZA KUZIDISHA

Wengine husema, "Hata zisiponisaidia, hazinidhuru." Si hivyo.

Vitamini A ikizidi katika mwili wa mjamzito yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vitamini D ikizidi huleta kutapika, kiu, na mawe katika figo. Vidonge vya chuma vikimezwa vingi na mtoto mdogo vyaweza kumwua. Vifiche mbali naye.

Huko Finlandi wanaume zaidi ya 29,000 wavuta sigara waliingia katika jaribio. Baadhi walipewa vidonge vya karoteni, ndugu ya vitamini A, kwa tumaini la kuwakinga na saratani ya mapafu. Mwaka wa 1994 matokeo yalitangazwa: waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wengine. Kitu kilicho chema katika karoti kilikuwa na madhara katika kidonge, kwa watu wale. Basi mvuta sigara asijitibu kwa vidonge. Aache sigara.

Na sindano yenyewe? Sindano chafu huleta jipu, homa ya manjano ya ini, na hata UKIMWI. Usikubali kuchomwa sindano ya vitamini kama waweza kula na kumeza.

DAWA ZINAZOFAA KWA PUMU

Dawa nzuri ya pumu huvutwa ndani kwa pumzi. Watu huiita pompi. Nazo ni za namna mbili. Zijue tofauti zake.

Ya kwanza ni pompi ya kufungua, yaani salbutamoli. Mara nyingi ni ya samawati. Hulegeza misuli kwa dakika chache tu, lakini haizimi makaa yaliyo chini ya majivu.

Ya pili ni pompi ya kuzuia, yaani beklometasoni au budesonidi. Hii ndiyo inayozima makaa. Hutumiwa kila siku, asubuhi na jioni kama mganga alivyoagiza, hata siku unapojisikia mzima. Haileti nafuu saa ileile, kwa hiyo wengi huidharau na kuiacha. Ukimaliza kuivuta, sukutua kinywa kwa maji, uteme, ili utando mweupe usiote ulimini.

Tangu mwaka wa 2019 waganga wa jamii ya GINA, wanaoandika kanuni za pumu kwa ulimwengu, wamesema kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe kwa pompi ya kufungua peke yake. Anayeitegemea hiyo tu huona nafuu huku ugonjwa ukizidi. Kama unamaliza pompi ya samawati upesi upesi, hiyo ni ishara ya hatari. Njoo hospitalini.

Twajua kwamba pompi ya kuzuia si rahisi kupatikana. Barabara ya Walikale ni mbaya, na vita hufunga njia ya dawa. Ndiyo sababu tunasema kwa nguvu: fedha ambayo ungenunulia vitamini mwezi hata mwezi, iweke kwa ajili ya pompi hiyo. Usingoje chombo kiishe kabisa. Omba kingine mapema.

Na wewe ndugu uliyeombewa ukajisikia vizuri, shukuru. Lakini usiitupe pompi. Mwache mganga apunguze dawa kidogo kidogo, akikupima. Kushukuru na kumeza dawa havipigani.

CHUPA YA MAJI YAFAA

Watoto wengi, na watu wazima pia, hawawezi kubonyeza pompi na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa hubaki kinywani. Chombo cha kusaidia huuzwa ghali, lakini chupa ya plastiki yaweza kufanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walijaribu chupa za nusu lita kwa watoto wenye pumu, na mwaka wa 1999 walionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri hufanya kazi kama chombo cha dukani.

Chupa iwe safi, ya nusu lita. Toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na kinywa cha pompi. Ingiza pompi, uzibe pembeni hewa isipite. Osha chupa kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Kisha mgonjwa hutia mdomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja, naye apumue polepole mara nne mpaka sita. Halafu bonyeza tena. Mwombe muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza.

ONDOA MOSHI

Hakuna vitamini inayoweza kushindana na moshi wa kila siku. Mama anayepika kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, na mtoto mgongoni, humvutisha mtoto huyo moshi tangu asubuhi mpaka usiku. Pikieni nje, au chini ya paa lililo wazi pande zote. Kuni ziwe kavu. Mbabula ya makala isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata baridi ya Masisi iwe kali namna gani. Hewa yake huua watu usingizini.

Walio karibu na Sake wajua pia moshi wa volkano. Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari, mwaka wa 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Hata bila kulipuka, Nyiragongo na Nyamulagira huweza kutoa moshi wenye gesi ya kiberiti, na mara nyingi upepo huupeleka magharibi, upande wa Masisi. Siku unaposikia harufu hiyo, mwenye pumu abaki ndani, na pompi iwe karibu. Na wanaofanya kazi katika vumbi la machimbo, Rubaya au Bisie, wakiwa na pumu, watafute kazi nyingine wakiweza. Wasipoweza, vumbi lilowanishwe kwa maji.

MTU AKISHIKWA USIKU

Mketishe wima. Usimlaze. Legeza nguo, fungua dirisha, usiwaache watu wamzingire. Mpe pompi ya kufungua kwa chupa, mara nne, moja moja. Ngoja dakika nne. Kama hajatulia, mpe tena mara nne, na wakati huohuo tengenezeni machela au piki. Endeleeni kumpa njiani.

Msingoje asubuhi ukiona moja la mambo haya: hawezi kumaliza sentensi moja, midomo au kucha zimegeuka rangi, mbavu zinadidimia anapovuta pumzi, mtoto hawezi kunyonya, mgonjwa anasinzia au amechanganyikiwa, au kifua kilichokuwa kikilia kimenyamaza huku bado anahangaika. Kunyamaza huko si kupona. Ni kwamba hewa haipiti tena.

Usimpe wakati huo serumu ya vitamini ya dukani. Saa mbili za kungoja serumu idondoke zaweza kuwa saa zake za mwisho.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Vitamini haziponyi pumu, wala hazikuonekana kuzuia mashambulio yake.
2. Vitamini humfaa aliyepungukiwa nazo. Mganga ndiye atakayejua.
3. Vitamini bora zimo katika mawese mekundu, sombe, matunda, mayai, sambaza, na jua.
4. Pompi ya kuzuia ni ya kila siku. Pompi ya kufungua ni ya saa ya taabu.
5. Ondoa moshi nyumbani.
6. Hatari ikionekana, nenda hospitalini usiku huohuo.

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza sasa sokoni kama vitamini zaponya pumu, unalo jibu. Usimcheke anayeziuza wala anayezinunua. Yeye pia anataka mtoto wake apumue. Mpeleke hospitalini, na msomee ukurasa huu.